Klachi Iliyokuwa Kure

Mlio ninaoukumbuka mpaka leo ni wa kebo kavu. Nyiiik, kimya kidogo, halafu tak. Ulikuwa unatoka upande wa kushoto wa pikipiki iliyoegeshwa mbele ya gereji siku yangu ya kwanza kazini, pale Kasulu, karibu na soko. Mwanamume mmoja aliyenipa mgongo alikuwa anabana klachi na kuiachia, anabana na kuiachia, kichwa kimeinama kama mtu anayesikiliza kifua cha mgonjwa. Bila kugeuka akaniuliza, "Umesikia?"

"Nimesikia."

"Umesikia nini?"

"Inalia."

"Inalia kwa njaa au kwa maumivu?"

Mimi binti wa darasa la saba, viatu vya kuazima, ningejua wapi? Nikajibu, "Kwa njaa," kwa sababu hata mimi nilikuwa sijanywa chai. Akageuka, akacheka mpaka akashika tenki. "Kweli. Kebo hii haijaonja oili tangu inunuliwe. Weka mfuko wako ndani." Huyo alikuwa Fundi Mkuu, mtu wa Tabora aliyehamia kwetu zamani, na hivyo ndivyo nilivyoajiriwa.

Nyie mabinti mlioko gereji sasa mnaniita Bibi Siwema, wakati sijaota mvi hata moja. Sawa. Katika kazi hii, aliyetangulia kuungua na silensa ndiye mkubwa wenu, na mimi nimeshastaafu. Kwa hiyo kaeni hapo niwasimulie kibibi.

Zamani zetu mtu hakupewa spana haraka. Unaanza kwa kuosha vyuma kwa petroli hadi ngozi ya vidole inakuwa nyeupe kama umetoka kufua, na huku unaosha unaulizwa maswali. Swali la Fundi Mkuu lilikuwa moja kila wiki: "Klachi ni nini?" Kila mmoja alijibu la kwake, naye anakataa. Siku moja akachoka, akashika mkono wangu wa kulia kama ananisalimia. "Mimi injini, wewe gurudumu. Tumeshikana, nikizunguka unazunguka. Dereva akibana, tunaachana." Akaniachia. "Akiachia, tunashikana tena, pole pole, bila kuvutana mabega. Hiyo ndiyo klachi. Mengine yote ni njia ya kufikisha habari."

Njia yenyewe ni hii. Kuna leva, kile kipande cha chuma unachokivuta kwa vidole. Leva inavuta kebo, kebo inavuta mkono mdogo ulioko chini kwenye injini, mkono huo unasukuma fimbo nyembamba, na fimbo inazisukuma springi ili zile pleti zilizobanana ziachane. Popote pale katika safari hiyo pakiwa na kutu, uchafu au kona kali, mtu wa juu anaona klachi nzito. Fundi mvivu hukimbilia springi. Fundi mwenye akili huanza juu na kushuka, kama anayetafuta tobo kwenye bomba la maji.

Kituo changu cha kwanza nje ya Kasulu kilikuwa Kagerankanda, siku za gulio. Hatukuwa na jengo, tulikuwa na turubai, gunia la kukalia na boksi la spana. Vijana wa bodaboda walifika na mihogo na maharage yamefungwa mpaka mgongoni, klachi zimeungua kwa milima. Pale pua yangu ilisoma shule. Nilikuwa naweza kusimama mbali na kusema, "Ile nyekundu pleti zimekwisha," na kijana anakataa, anafungua, anakuta majivu.

Baadaye nikapelekwa Kakonko chini ya Msimamizi mmoja mnyofu ambaye hakupenda kuona mwanamke amepiga magoti mbele ya injini. "Wewe Siwema kaa na wateja," akaniambia. "Una maneno matamu." Nikakaa nao. Nikawa nawauliza pikipiki zao zinaumwa wapi, zilianza lini, zinalia vipi, na nikimletea Msimamizi pikipiki tayari nimeshajua ugonjwa. Akawa ananiita Daktari wa Mapokezi. Alidhani ananitania, mimi nilivimba kichwa.

Niliporudi Kasulu nilikuwa na ndoto kubwa kuliko mshahara wangu. Kichwani nilishachora bango: SIWEMA PIKIPIKI, herufi za njano juu ya bluu, na chini yake, kwa mwandiko wa kulala, Klachi Laini. Nilikuwa nikipita njiani najichekea peke yangu, watu wanadhani nimeposwa.

Ndipo akaja Josefina.

Wazazi wake wana asili ya Burundi, raia wa hapa siku nyingi, wanalima Kagerankanda. Ufundi alijifunzia kwa Mkongo aliyekuwa na kibanda karibu na Mtendeli, kambi ya wakimbizi ilipokuwa bado na watu. Alikuja na ovaroli iliyofuliwa mpaka rangi ikasahau jina lake, hasemi sana, na klachi alikuwa anaiita ambreyaji.

"Ambreyaji ndiyo dawa gani?" nikamuuliza siku ya kwanza, gereji nzima inasikia. "Ya mbu?"

Akaendelea kufuta spana. "Na klachi? Jina la mbwa?"

Wakacheka, na safari hii hawakucheka upande wangu. Jioni hiyo Fundi Mkuu akamwangalia anavyofungua kabureta, akasema jambo ambalo mimi sikuwahi kuambiwa katika miaka yangu yote pale. Alisema, "Huyu ana mkono mwepesi."

Jamani, niwaambie ukweli wa wivu. Watu husema unachoma. Wangu haukuchoma, wangu ulikuwa unahesabu. Uliangalia Josefina kapewa chai kikombe gani. Kapewa boksi gani la spana, lile jipya au lile la kwetu. Fundi Mkuu kamwita kwa jina au kamwita "wewe". Nilikuwa nalala nimejua habari za Josefina kuliko za kwangu. Na ubaya wake, nilikuwa nampenda. Alikuwa anagawa chakula chake cha mchana bila kuangalia kimebaki kiasi gani. Ningefurahi kama angekuwa mchoyo.

Hali ikiwa hivyo, siku moja likaingia gari dogo la mizigo kutoka Kibondo, nyuma limebeba pikipiki iliyofunikwa blanketi. Mbele ameketi mzee mrefu, Bwana Shamba mstaafu, na mkewe, ambaye sote tuliishia kumwita Mama. Blanketi lilipofunuliwa, hata vijana wa kuziba pancha walisimama. Ilikuwa pikipiki ya zamani, ya chuma kitupu, tenki lenye mabega, taa moja kubwa kama sufuria. Mzee alizunguka nayo miaka ya kazi, milima yote ile, akifundisha watu kahawa na nafasi ya kupanda maharage. Alipostaafu akainunua kutoka kazini. Sasa ilikuwa imekaa ndani, imefunikwa, kwa sababu klachi ilikuwa imemshinda.

"Fundi," akamwambia Fundi Mkuu, "kwenye bodaboda mtu unapelekwa. Kwenye pikipiki yako unakwenda. Mimi nimechoka kupelekwa."

Mama akaingilia kati. "Msimponye haraka huyo mke mwenzangu. Tangu ameugua, mzee anarudi nyumbani jua bado lipo."

"Umesikia wivu wa miaka yote hiyo?" mzee akasema, na macho yanamcheka.

"Wivu gani? Wewe ulikuwa unamfuta huyo kwa kitambaa, mimi hujawahi hata kunifuta jasho."

Tulipomaliza kucheka, mzee akatoa neno lililonibadilishia mapigo ya moyo. Ana fremu Kibondo, chumba cha biashara kando ya barabara, kimekaa kitupu. Fundi atakayemrudisha barabarani, fremu hiyo akae afanyie kazi, mambo ya kodi wataongea kizee. Fundi Mkuu alikuwa akitafuta mahali Kibondo muda mrefu. Akaniangalia. "Siwema, hii nakupa wewe. Ukiiweza, Kibondo utaiongoza wewe."

Bango likaja lenyewe mbele ya macho yangu, bluu na njano.

Nikamuuliza mzee kama nilivyozoea Kakonko: "Shikamoo tena mzee wangu. Inaumwa wapi?"

Akanyoosha mkono wa kushoto kuelekea leva. "Marahaba. Shida yake, binti, klachi hii iko kure."

Sasa lazima niwaeleze kitu. Sisi kwetu asili ni Ujiji, baba yangu anauza spea hapa sokoni, nyumbani tunasema Kiswahili peke yake. Kiha changu ni cha salamu na cha kupunguziwa bei ya ndizi. Na ndugu zetu Waha, wazee hasa, ulimi wao huchanganya ra na la: wali unakuwa wari, kalamu inakuwa karamu, unaenda ukidhani utakula. Kwa hiyo niliposikia "iko kure", sikujiuliza mara mbili. Nikajua anasema iko kule, ananionyesha upande.

"Naiona mzee," nikasema kwa furaha, "iko kule, kushoto. Nitaifuata hukohuko."

Vijana Waha waliokuwepo wakaangua kicheko. Walidhani nimefanya utani wa makusudi, nami nikadhani wamependa uchangamfu wangu. Mzee naye akacheka kwa adabu. "Ego, mwana wanje," akasema, yaani ndiyo, mwanangu. "Iko kure."

Nikaanza juu nikashuka, kama nilivyofunzwa. Niliitoa kebo yote, nikaitundika kwenye kenchi la banda, juu yake nikaifunga faneli ya karatasi ya nailoni, nikatia oili nyepesi, nikaiacha ishuke yenyewe kwa uvumilivu wake mpaka ikaanza kudondoka chini, nyeusi kwanza, halafu ya kahawia, halafu safi. Nikausugua msumari unaoishikilia leva, ulikuwa na vumbi la miaka lililogeuka kuwa udongo. Fimbo ya ndani nikaitoa, nikaifuta, ncha yake nikaipaka grisi. Mkono mdogo wa chini nikauweka upya ili unapovutwa katikati ya safari yake usimame msalaba na kebo, maana hapo ndipo nguvu haipotei. Halafu nikailaza kebo njia mpya, nikiikwepesha kona kali iliyokuwa imejikunja chini ya taa. Kebo inataka kupita kama maji yanavyopita bondeni, bila kulazimishwa.

Nilipomaliza, nilivuta leva kwa vidole viwili. Haikulia. Nikaenda kuazima tena kwa muuza nyama mizani yake ya ndoano, ile ya springi niliyopimia kabla ya kufungua, nikaivutia leva kwayo, na mshale haukufika hata nusu ya ulipokuwa umefika mwanzo. Nikawaita wote waone. Josefina alikuja, akatazama kebo ilivyolala, akagusa kwa kidole, akasema, "Nzuri." Neno hilo moja lilinifurahisha kuliko nilivyotaka.

Mzee akaletwa. Akapanda kwa shida kidogo, akapiga kiki, injini ikaitika kwa sauti nzito ambayo vijana wa siku hizi hamjaisikia. Akabana klachi, akatia gia, na pikipiki ikaruka mbele kama mbuzi aliyekanyagwa mkia, ikazimika hatua chache kutoka kwenye meza ya mama muuza maandazi.

"Mzee! Maandazi hayana breki!" mama yule akapiga kelele.

Bwana Shamba akashuka, akaisukuma nyuma kidogo. "Bado," akasema taratibu. "Bado iko kure."

Nilivuta mwenyewe. Ilikuwa laini kama kamba ya pazia. Nikawaza, basi mzee amekwisha nguvu, anahitaji laini zaidi ya laini. Nikafanya lile ambalo Fundi Mkuu alinikataza tangu ujana wangu, nikaenda kwenye springi. Nikazilegeza zote sawasawa, robo kwa robo. Leva sasa mtoto angevuta. Nikaijaribu kwenye kilima cha kutokea mjini: injini inapiga kelele, pikipiki inapanda kwa mwendo wa mwenye kubeba maji kichwani. Klachi inateleza. Pleti hazikamatani, zinasuguana tu.

Fundi Mkuu alinusa tu moshi wake niliporudi. "Umemlegezea mpaka amekuwa uji," akasema. "Rudisha springi zilipokuwa. Kisha mwite mwenzako."

"Mwenzangu nani?"

"Siwema, unamjua."

"Fundi, nipe wiki moja tu."

"Mzee anakaa kwa ndugu zake hapa mjini anasubiri. Mwite Josefina."

Nilikwenda kumwita. Hatua zile chache kutoka kwenye benchi langu hadi kwenye benchi lake nimezitembea mara nyingi sana tangu hapo, nikiwa nimelala.

Josefina hakushika spana. Nilikuwa nimejipanga niangalie atafungua wapi kwanza, na hakufungua popote. Alikwenda kwa mzee, akainama, akamsalimia kwa Kirundi chake, naye mzee akajibu kwa Kiha chake, lugha hizo ni ndugu wa tumbo moja. Mkono wa kulia umeshika mkono, wa kushoto umeshika kiwiko kwa heshima. Kisha hakuuachia. Akauliza habari ya nyumba, ya mvua, ya ng'ombe, ya watoto mmoja mmoja. Akabadilisha, akashika na mkono wa kushoto wa mzee, akawa anauliza bado, kidole gumba chake kinapita juu ya vifundo vya vidole vyake, kimoja kimoja, kama anahesabu shanga. Nami nimesimama pale na tambara la oili. Walicheka jambo ambalo sikulielewa. Nilimwonea wivu kwa lile cheko kuliko kwa fremu.

Halafu akamwambia kwa Kiswahili, nadhani kwa ajili yetu, "Mzee, si nzito. Ni kure."

"Kure!" Mzee nusura asimame. "Ego! Ndiyo nawaambia tangu siku ya kwanza! Ni kure!"

Fundi Mkuu akauliza, "Kule wapi?"

"Si kule, Fundi," Josefina akasema. "Kure. Mbali. Vidole vyake havinyooki tena. Leva iko mbali, anaishika kwa kucha. Kwa kucha hata uzi ni mzito."

Wale vijana wakanigeukia. Mmoja akasema, "Kumbe Siwema hukuwa unatania?"

Nikacheka. Ningefanya nini? Nilicheka kwa sauti kubwa kabisa, na masikio yanawaka.

Josefina akachuma jani la mchaichai pembeni ya banda, akalinyoosha kutoka kwenye mpini wa usukani hadi kwenye leva, akalikunja pale mkono wa mzee ulipofikia. Tofauti ilikuwa upana wa vidole vyake vitatu. Akataka leva nyingine ya chuma cha zamani, maana za siku hizi za aluminiamu ukizikunja zinavunjika, na akataka ile ya asili isiguswe. Ni mimi niliyetumwa dukani kwa baba kuitafuta kwenye chuma chakavu. Baba akauliza, "Ya nini?" Nikamjibu, "Ya Josefina." Aliniangalia, akanisaidia kupekua. Mhunzi anayefua majembe akaitia motoni, akaikunja mgongo taratibu kufuata kipimo cha lile jani.

Mzee alipopanda safari hii, vidole vyake viliizunguka leva vyote vinne mpaka kwenye vifundo. Akabana. Akatia gia. Akaachia pole pole, na injini na gurudumu vikashikana mikono bila kuvutana mabega. Alikwenda mpaka mwisho wa barabara, akageuza, akarudi, akapita bila kusimama, akaenda tena. Mama yuko kando yangu amejifunga kanga kifuani. "Haya," akasema. "Mke mwenzangu amepona. Sasa chakula cha jioni nitakula na redio." Lakini alikuwa anafuta machozi.

Kisha akaniona. Wazee wana macho. Akanivuta kando, akasema kwa sauti ya chini, "Mwanangu, mimi nimeishi na wivu wa chuma kile tangu nikiwa mwali. Wivu ukibisha hodi usijifanye hupo nyumbani. Ufungulie. Mpe kigoda akae. Ila usimtandikie kitanda."

Jioni Fundi Mkuu alituita wote wawili. Nikaanza mimi kabla hajasema.

"Fundi, bila kebo yangu—"

"Bila kebo yako angevuta kwa taabu. Bila leva ya Josefina asingevuta kabisa." Akakuna kidevu. "Ile kebo, Siwema, sijaona iliyolazwa vizuri hivyo. Lakini mzee alisema fundi atakayemrudisha barabarani. Kibondo anakwenda Josefina kuwa mkuu. Wewe utakwenda naye, umsaidie. Hajui kuongea na wateja."

Ndivyo nilivyofika Kibondo niliyokuwa naiota, nikiwa nimekaa nyuma. Bango lilichorwa jeupe lenye herufi nyeusi, GEREJI YA PIKIPIKI, bila jina la mtu. Josefina mwenyewe alikataa jina lake kuandikwa. Hata hilo lilinikera, kwa sababu mimi ningeliandika.

Nilifanya kazi chini yake kwa miaka mizuri. Alikuwa mkuu wa maneno machache. Akikosolewa hakasiriki, akisifiwa hageuki. Leva ya asili ya mzee aliitundika msumarini juu ya benchi, na kila mwanafunzi mpya alimpa aishike kwanza akiwa amekunja vidole nusu, ndipo amweleze klachi. Wateja wakija walikuwa wananiuliza mimi, nami nawaeleza, nao wanacheka, wanarudi. Siku moja mvua inanyesha, hatuna kazi, nikamwambia ukweli kwa mzaha. "Unajua nakuonea wivu mpaka leo?"

"Najua," akasema. Alikuwa anachagua nati kwenye kopo. "Unaangalia kikombe changu."

Nikaona aibu nikacheka. "Na wewe? Huna hata kidogo?"

Akatupa pembeni nati iliyolika. "Wewe ukifungua mdomo, hakuna anayekuuliza umetoka wapi."

Mvua iliendelea. Nilisogeza kopo, nikaanza kumsaidia kuchagua. Tangu hapo mteja akimuuliza swali hilo mbele yangu, nilikuwa najibu mimi kabla yake: "Ametoka Kagerankanda, na wewe pikipiki yako imetoka wapi ikiwa chafu hivi?"

Nimestaafu si kwa uzee. Baba amechoka, macho yake hayasomi tena namba ndogo kwenye spea, ndugu zangu wako Dar na hawana mpango wa kurudi. Duka ni langu sasa. Nakaa nyuma ya kaunta Kasulu, mafundi wanakuja kununua kebo, nami siwezi kujizuia, nawauliza, "Mwenye pikipiki ana mkono gani?" Wengine wananiona mwendawazimu mwenye furaha. Wapo waliorudi kesho yake kununua leva.

Mkiniuliza kazi ilinifunza nini, nitawaambia: anzeni juu mshuke, springi ziwe za mwisho, kebo ipitisheni njia ya maji. Mizani ya muuza nyama inajua uzito, haijui umbali. Na mzee akisema neno mkalisikia kama kosa la ulimi, muulizeni tena. Kuhusu wivu, wangu bado upo. Amekaa kwenye kigoda chake, mara nyingine anasinzia, mara nyingine ananiuliza habari za Kibondo kabla sijazipata. Ndoto nazo zipo. Bango la bluu na njano nimeliweka dukani, tena kubwa, ila chini ya Siwema nimeandika Spea.

Siku yangu ya mwisho Kibondo, pikipiki ya Bwana Shamba ilikuwepo gereji kwa kubadilishwa oili, mwenyewe angeifuata kesho. Josefina alikuwa amekwenda kwenye mazoezi ya kwaya, wanafunzi wameshaondoka, jua bado lipo mlangoni. Nilifungua msumari unaoishikilia leva kwenye pikipiki, nikaitoa ile iliyokunjwa. Nikaishusha ya asili kutoka ukutani, nikaifuta vumbi, nikaifunga mahali pake pa zamani. Nikanyoosha mkono wangu wa kushoto, vidole vyangu virefu, vizima, nikavuta kwa viwili.

Ilikuja laini mpaka mwisho, bila mlio wowote. Nikaiachia. Nikavuta tena.

Kisha nikaifungua, nikaitundika tena ukutani, nikairudisha ya mzee, nikakaza, nikaweka tone moja la oili juu ya kebo na kulisubiri mpaka likazama.